Koki ya Boya na Maji ya Jirani

Katika somo hili twataka kuchungulia chombo kidogo kinachouzwa katika maduka mengi ya Kariakoo, nacho ni koki ya boya. Wauzaji wengine huiita floti. Kazi yake ni kufungulia maji yaingie katika tangi, birika au bwawa la samaki, na kuyafunga yenyewe yakifika kimo chake, pasipo mtu kusimama kando na kuyangoja. Wengi huinunua kama wanunuavyo misumari, yaani huuliza unene wa bomba na bei tu, wakaondoka. Lakini koki hii, ikichaguliwa vibaya au ikiwekwa mahali pasipofaa, yaweza kuyatia maji ya bwawa lako ndani ya kikombe cha jirani yako. Jambo hilo ni watu wachache walijuao, nami nitalieleza kwa urefu mbele kidogo; bali yatupasa kuanza na kazi ya koki yenyewe.

Akili iliyomo ndani yake ni ya zamani sana. Huko Iskanderia, katika nchi ya Misri, mtu aitwaye Ktesibios alitumia boya katika karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Kristo, ili maji ya saa yake ya maji yakae katika kimo kimoja. Koki yetu ya leo hufanya vile vile. Pana tundu ambalo maji hupitia; mbele ya tundu pana kipande cha mpira, ndicho kiitwacho wosha; nyuma ya wosha pana mkono wa chuma, na mwisho wa mkono pana boya. Maji yakipanda, boya huinuka, mkono nao huisukuma wosha, na tundu likazibwa. Yakishuka, boya hushuka, maji yakaingia tena.

Basi, hapa ndipo wanunuzi wengi wapotewapo na hesabu. Maji yaliyo ndani ya bomba yana nguvu, nayo huisukuma wosha irudi nyuma. Tuseme nguvu yake ni kama ya maji yateremkayo kutoka tangi lililoinuliwa mita 30. Kila sentimita moja ya mraba itasukumwa kwa uzito wa kilo 3. Tundu lenye upana wa milimita 6 litasukuma wosha kwa uzito usiofika kilo moja. Tundu lenye upana wa milimita 12 halisukumi mara mbili, kama mtu angedhani, bali mara nne, yaani zaidi ya kilo 3. Sasa tazama boya. Boya lenye upana wa sentimita 11, likizama nusu, husukumwa juu kwa uzito wa theluthi moja ya kilo hivi; ukitoa uzito wake lenyewe, yabaki kama robo kilo. Mkono ukiizidisha nguvu hiyo mara 10, twapata kilo mbili na nusu. Nguvu hiyo yalifunga tundu dogo bila taabu. Tundu kubwa hailifungi mpaka boya lizame zaidi ya nusu, na kama mkono ni mfupi au boya ni dogo, halitafungwa kamwe.

Kwa sababu hiyo usiulize tu, “Ni ya nusu inchi au robo tatu?” Hicho ni kipimo cha nyuzi za bomba, wala si kipimo cha tundu. Ligeuze lile jambo mkononi, uchungulie tundu lenyewe. Bwawa la samaki ambalo tayari limejaa, na lahitaji tu kurudishiwa kilichochukuliwa na jua, lastahili tundu dogo. Tangi la nyumba ambayo hupata maji saa chache kwa juma ni neno jingine. Hilo lataka tundu kubwa lijae kabla maji hayajakatika, na kwa hiyo lataka boya kubwa na mkono mrefu.

Nimetaja maji kukatika, maana mtu hawezi kuchagua koki Dar es Salaam kama achaguavyo mtu wa mji ambao mabomba yake hayakauki. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka mto Ruvu, kwa mitambo miwili: wa Ruvu Juu uliojengwa 1959, na wa Ruvu Chini wa 1976. Oktoba 2022, mto ulipopungua kwa ukame, DAWASA ilitangaza mgao, na mitaa ikapewa maji kwa zamu. Hata katika miaka ya mvua njema, yako maeneo ambayo maji huja usiku tu. Maji yakirudi katika bomba lililokuwa tupu, kwanza hutoka upepo kwa kishindo, kisha kutu na mchanga, ndipo maji safi. Punje moja ya mchanga ikinasa kati ya wosha na tundu, koki haifungi. Tena nguvu ya maji hubadilika: mchana watu wote wakichota huwa hafifu, na saa nane za usiku, mji ukilala, hupanda. Koki iliyofunga vizuri mbele ya fundi saa tano asubuhi yaweza kuvuja usiku kucha, na fundi akaapa kwamba aliiacha nzima, naye asema kweli. Mwambie arudi usiku, au uamke wewe mwenyewe na taa.

Kuvuja huko si jambo dogo. Kikombe kimoja cha robo lita kikimwagika kila dakika ni lita 360 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 10,800. Hizo ni karibu yuniti 11 katika ankara yako, nazo zimekwenda katika mtaro. Kwa hiyo weka chujio la waya kabla ya koki, lifunguliwe na kuoshwa kwa mkono. Na kabla ya chujio weka koki ya kawaida ya kufungia, usije ukalazimika kukata maji ya nyumba nzima kwa ajili ya wosha.

Sasa twende dukani. Ukifika Gerezani au Mtaa wa Msimbazi, utaonyeshwa koki tatu au nne ambazo zote zang'aa. Kung'aa si kitu. Ni nikeli iliyopakwa juu. Chukua smaku ndogo: ikinasa katika mwili wa koki, ndani ni chuma, nacho kitaota kutu. Isiponasa, usifurahi upesi, maana zinki nayo hainaswi na smaku. Omba ruhusa ukwaruze kidogo mahali pasipoonekana. Shaba ya manjano itaonyesha rangi yake. Zinki itakuwa ya kijivu. Zinki hupasuka penye nyuzi, hasa fundi mwenye mikono mizito akiikaza. Plastiki iliyo nzuri haina kutu, na katika visima vyetu vya pwani vyenye maji ya chumvi huishinda hata shaba. Maji ya chumvi hula zinki iliyochanganywa ndani ya shaba ya manjano, ikabaki shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Waishika tu, nayo yavunjika. Lakini plastiki ikiachwa juani hukauka na kupasuka, kwa hiyo nje ya nyumba yataka kifuniko.

Kisha inua mkono wa koki, utie mdomo penye bomba na kupuliza kwa nguvu. Pumzi ikipita, maji nayo yatapita. Mwuzaji akicheka, na acheke. Litikise boya, usikie kama lina maji ndani. Tazama pini iliyoshika mkono: ikiwa ni ya chuma cha kawaida, ndiyo itakayokufa kwanza. Zaidi ya yote, uliza kama wosha yake huuzwa peke yake. Koki ya bei nafuu ambayo wosha yake haipatikani ni ghali, kwa kuwa utainunua nzima kila mara. Mimi huuliza kipuri kabla ya kuuliza bei, na kwa jibu hilo tu nimekwisha kuyaacha maduka mengi.

Wako watakaokushauri ununue vali ya umeme yenye kamba ya kuonja kimo cha maji. Ni chombo chenye akili, wala sikidharau. Lakini vali nyingi za namna hiyo huwa na utando ambao husaidiwa na nguvu ya maji yenyewe ili ufunge. Maji yakija hafifu, kama yajavyo mwanzo wa zamu, utando haukai mahali pake. Tena wahitaji umeme na maji kupatikana kwa saa moja. Kwa bwawa la uani, boya latosha.

Nimefika penye neno nililoliahidi. Fundi wengi hupenda kuuzamisha mdomo wa koki ndani ya maji, ili maji yaingie bila kelele. Koki nyingine huuzwa zikiwa na mrija wa plastiki ushukao hata chini kwa kazi hiyo hiyo. Sasa fikiri: maji ya mtaa yakikatika, bomba la barabarani huwa tupu, na mahali palipo chini huyavuta yaliyo juu. Yuko pia jirani aliyefunga pampu katika bomba, kinyume cha sheria, naye anyonya kwa nguvu. Boya lako likiwa limeshuka kidogo, koki i wazi, na mdomo wake umo majini. Yatakayovutwa ni maji ya bwawa: mavi ya samaki, majani yaliyooza, kinyesi cha kunguru. Yatapita katika bomba lako, yafike barabarani, yangoje huko. Zamu itakaporudi, mtoto wa nyumba ya tatu atakinga kikombe. Mji ulioona kipindupindu mwaka 2015 wajua uchafu katika maji ya kunywa huleta nini, wala huwezi kumlaumu mtu, maana hapana aliyeona.

Dawa yake haina gharama. Mdomo wa koki ukae juu, usiguse maji hata bwawa likifurika. Toboa bomba la kutolea maji ya ziada, liwe nene kuliko lile la kuingizia, na mdomo wa koki uwe juu ya bomba hilo kwa upana wa vidole viwili au zaidi. Ule mrija wa kunyamazisha ukate. Kelele ya maji yaangukayo uiache iwepo. Ni kelele njema, nayo hukujulisha pia kwamba zamu imefika. Wengine hutia koki ya njia moja ili maji yasirudi, na hilo ni jema, lakini lisiwe badala ya nafasi ya hewa, kwa kuwa mchanga ule ule unaoizuia koki ya boya huizuia na hiyo. Neno hili lahusu hata mpira wa kumwagilia uliotupwa ndani ya ndoo au birika huku koki i wazi.

Kwa bwawa la samaki kuna shauri jingine, nalo ni kujenga kisanduku kidogo cha saruji ubavuni mwa bwawa, kilichounganishwa nalo kwa bomba chini ya maji, na koki ikae humo. Maji yatakuwa kimo kimoja pande zote mbili, lakini watoto hawatalivuta boya, kambare hawatalipiga mkia, wala kunguru hawatatua juu ya mkono na kuufungulia kwa uzito wao. Kifunike kwa wavu mwembamba, na mdomo wa bomba la ziada vile vile. Dar es Salaam ilipata homa ya dengu mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hupenda maji yaliyotulia katika vyombo vidogo kama hicho. Ndani ya bwawa lenyewe samaki watakula viluwiluwi. Ndani ya kisanduku hapana samaki.

Klorini iliyomo katika maji ya bomba huumiza matamvua ya samaki. Yakiingia kidogo kidogo bwawa huyavumilia, lakini koki inayovuja siku zote huleta klorini siku zote. Mwenye paa na ayatumie maji ya mvua apatapo nafasi. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lilijengwa kwa paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa, ipokee mvua na kuiteremsha. Wengi hupita chini yake miaka mingi bila kuinua macho.

Mwisho, koki ijazayo yenyewe huficha ufa. Bwawa likivuja chini, koki hulijaza kimya kimya, nawe huoni ila ankara. Kila miezi mitatu funga maji, utie alama ya mkaa penye kimo, ungoje siku moja isiyo na mvua. Jua litachukua milimita chache; yakishuka kimo cha kidole kizima, tafuta ufa. Siku hiyo hiyo fungua koki, osha chujio, loweka tundu katika siki kama limeota ukoko mweupe, na utazame wosha. Ikiwa na kovu la mviringo, igeuze upande wa pili. Pande zote mbili zikiwa na kovu, weka mpya, na uwe na nyingine mbili ndani ya nyumba, kwa maana hiyo hupasuka usiku, zamu ikifika na maduka yamefungwa.