SOMO LA USALAMA KAZINI: Mali bila Daftari – Afya na Usalama katika Maghala ya Kupangisha

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii husomeshwa wafanyabiashara, ili wapate kuzijua faida na hasara zao. Katika somo la leo tunaikusudia kwa maana nyengine, nayo ni kwamba ghala ambalo hapana mtu aijuaye mali yote iliyomo ndani yake ni hatari kwa roho za watu kabla ya kuwa hasara kwa wenye mali.

Ghala la kupangisha ni jengo moja lililogawiwa vyumba, ambapo kila mpangaji hulipa kodi, hutia mali yake na kufunga kwa kufuli lake mwenyewe. Biashara hii ilishika nguvu huko Marekani tokea miaka ya 1960, na baadaye ikaenea Uingereza na nchi nyengine. Hapa Visiwani tunayaona mambo ya namna hiyo katika vyumba vya chini vya nyumba za Mji Mkongwe, katika mabanda ya bati yaliyo jirani na masoko, na katika makontena yaliyokwisha kazi yake ya baharini. Hata baadhi ya afisi hukodi vyumba kama hivyo kwa kuwekea mafaili ya zamani na samani mbovu.

Ubaya wa ghala la namna hii hautokani na mali ya mtu mmoja. Unatokana na ujirani wa mali za watu wengi chini ya paa moja, ilhali kila mpangaji anakijua chumba chake tu. Mwenye nguo hajui kuwa nyuma ya ukuta wake pana rangi na mafuta ya taa, wala mwenye mchele hajui kuwa jirani yake ameweka dawa ya kuulia wadudu.

Mifano miwili ya kuzingatiwa

Tarehe 31 Disemba 2018 moto uliteketeza ghala la kupangisha la ghorofa kadhaa huko Croydon, kusini ya London. Vyumba zaidi ya 1,000 viliungua. Wengi wa waliopata hasara hawakuwa na kosa lolote, kwani walifunga vyumba vyao vizuri na kuondoka.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, na ijapokuwa ghala lake lilikuwa la bandari, somo lake ni moja. Mwaka 2014 tani 2,750 za amonia naitreti, ambayo hutumika kutengenezea mbolea na pia baruti, ziliwekwa katika ghala nambari 12 la bandari ya Beirut, Lebanon, nazo zikabakia humo kwa miaka. Tarehe 4 Agosti 2020 moto ulizuka ghalani, na watu kumi wa kikosi cha zimamoto wakapelekwa kuuzima bila ya kuelezwa kilichokuwemo ndani. Shehena ile iliripuka. Watu zaidi ya 200 walifariki dunia, wakiwemo wote kumi wa kikosi kile, na maelfu walijeruhiwa.

Kwa hivyo jambo la kwanza la usalama wa ghala ni kujua kilichomo, hata kabla ya kununua mtungi wa kuzimia moto. Masomo yanayofuata yamejengwa juu ya msingi huo.

1. Daftari la ghala

Mwenye ghala anapaswa kuweka daftari lenye jina la kila mpangaji, nambari ya simu yake, nambari ya chumba, aina ya mali na tarehe ilipoingia. Nakala yake ikae nje ya jengo, kwani daftari lililoungua pamoja na ghala halimsaidii mtu.

Wako wapangaji wanaochelea kutaja mali yao kwa kuhofia wezi au washindani wa biashara. Khofu hiyo inafahamika, lakini ina dawa. Daftari halihitaji bei wala idadi. Linahitaji aina tu: nguo, nafaka, saruji, rangi, gesi, dawa za kilimo, betri. Mpangaji anayekataa kutaja hata aina ya mali yake, mwenye ghala anayo haki ya kumnyima ufunguo.

2. Vitu visivyokaa pamoja

Petroli, mafuta ya taa, tina ya rangi na mitungi ya gesi ya kupikia visiingizwe kabisa katika vyumba vya kupangisha vilivyofungwa. Mvuke wa petroli na gesi ya mitungi ni mizito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini ya milango na kufika mbali, na cheche moja ya swichi hutosha kuuwasha.

Unga wa klorini wa kusafishia maji usiwekwe karibu na tindikali, maana vikichanganyika hutoa gesi yenye sumu. Aidha, mbolea na dawa za wadudu zitengwe na vyakula kwa chumba kizima, kwani pazia au ubao hautoshi. Betri za lithiamu zilizovimba au kupasuka zisihifadhiwe ghalani, kwa sababu huweza kushika moto zenyewe.

3. Hewa ya ndani

Wauzaji wa nafaka hutumia vidonge vya fosfaidi ya alumini kwa kufukizia wadudu. Vidonge hivi vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua mtu kama inavyoua mdudu, nayo hupita katika nyufa za ukuta na kuingia chumba cha pili. Kazi hiyo ifanywe na mtaalamu tu, baada ya majirani wote kuarifiwa, na chumba kisiingiwe mpaka kipitishe hewa ya kutosha na kupimwa.

Hali kadhalika, jenereta isiwashwe ndani ya ghala wala mlangoni pake, na jiko la makaa lisitumike humo. Vyote viwili hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu akalala asiamke. Kwa sababu hizi zote, mlinzi asilale ndani ya ghala. Ajengewe kibanda nje.

4. Uzito wa mizigo

Pendekezo Nambari 128 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linaweka kilo 55 kuwa ndio mwisho wa mzigo wa kubebwa kwa mkono na mwanamme mzima, tena mara kwa mara. Gunia lililozidi hapo libebwe na watu wawili au lisukumwe kwa gari. Mgongo wa hamali ndio mtaji wake, na ukivunjika hauna duka unakouzwa.

Ama kuhusu jengo, tupige hesabu ndogo. Mifuko 100 ya saruji ya kilo 50 ni tani 5. Ikipangwa katika chumba cha ghorofani chenye mita 3 kwa 3, kila mita moja ya mraba hubeba zaidi ya kilo 550. Sakafu ya nyumba ya kuishi ya siku hizi hukadiriwa kubeba baina ya kilo 150 na 200 kwa mita hiyo. Basi iweje sakafu ya boriti za mikoko, iliyokwishaliwa na mchwa na kuvujiwa na mvua? Mizigo mizito iwekwe sakafu ya chini daima, na katika shubaka au rafu vilivyo vizito vikae chini na vyepesi juu.

5. Panya, unyevu na ukungu

Visiwa vyetu vina unyevu mwingi, khasa nyakati za masika. Magunia yaliyolazwa juu ya sakafu tupu hunyonya maji, na nafaka ikishika ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Mizigo iwekwe juu ya chaga za mbao na iachane na ukuta kiasi cha mtu kupita. Njia hiyo hiyo humwezesha mfagiaji kuona kinyesi cha panya, ambao mikojo yao huambukiza maradhi. Anayefagia avae viatu vya kufunika, glavu na kitambaa cha pua, na arashie maji kidogo kabla ya kufagia.

6. Moto ukizuka

Umeme ukatwe katika swichi kuu, na watu watoke kwanza. Moto mdogo wa karatasi, mbao au nguo huzimwa kwa maji. Moto wa mafuta au wa umeme usimwagiwe maji, bali utumike mtungi wa unga au wa gesi ya kaboni dayoksaidi. Moto uliokwisha kuenea usipiganwe na raia, wala mlango wa chumba kinachoungua usifunguliwe ili kuokoa mali, kwa sababu hewa inayoingia huuongezea nguvu. Njia za kutokea ziwe wazi wakati wote, na zisigeuzwe pahala pa kuwekea mizigo iliyokosa chumba.

Wajibu wa kila mmoja

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Nambari 8 ya mwaka 2005, inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Mwenye ghala mwenye walinzi na wapagazi asijidanganye kuwa yeye ni mpangishaji tu. Mkuu wa afisi aliyekodi chumba naye akikague, angalau kila baada ya miezi mitatu, na asikisahau kwa kuwa kodi inalipwa. Mpangaji kwa upande wake akumbuke kuwa usalama wa mali ya jirani ni amana iliyo mkononi mwake, ijapokuwa hawajapata kuonana.

Askari wa zimamoto atakapofika langoni usiku, atauliza maswali mawili: Je, yumo mtu ndani? Na ndani mna nini? Ghala ambalo mlinzi wake halali ndani lina jibu la swali la kwanza, na lenye daftari lina jibu la swali la pili. Lisilo na majibu hayo, askari huyo huingia kwa kubahatisha, naye pia ana watoto wanaomngojea nyumbani.

Tahadhari kabla ya hatari.