Homa Isiyokuwa Malaria: Somo kwa Zahanati za Nduruma

Mgonjwa afikapo zahanati akiwa na homa, baridi na maumivu ya viungo, jina la kwanza litajwalo ni malaria. Desturi hiyo ina sababu yake, kwani malaria huua upesi. Lakini ina hatari pia. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 528 waliandikiwa malaria. Uchunguzi kamili ulionyesha kuwa malaria ndiyo iliyosababisha homa ya watu 14 tu.

Siku hizi zahanati zina kipimo cha haraka. Tone la damu huwekwa juu ya kitepe, na protini ya vijidudu vya malaria ikiwamo, mstari hutokea. Mstari wa uhakiki usipoonekana, kipimo ni kibovu na hapana budi kirudiwe. Tena protini hiyo huweza kukaa mwilini wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona.

Kipimo hicho hujibu swali moja tu. Wengi, wakiona hakuna malaria, huandika dawa yoyote ya kuua bakteria na kumwita mgonjwa mwingine. Hapo ndipo kosa la pili huzaliwa.

Nduruma ni tambarare chini ya Mlima Meru, nchi ya ng'ombe, mbuzi na mifereji ya kumwagilia mashamba. Basi aulizwe: Je, amekunywa maziwa mabichi? Amemsaidia mbuzi kuzaa? Ameingia majini bila viatu? Maswali haya hayana gharama. Mkojo wa panya na mifugo huchafua maji na kuleta homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Huko Moshi ilionekana kwa watu 40 kati ya 453 waliopimwa. Maziwa mabichi huleta bruselosi, ambayo hutaka dawa mbili kwa pamoja kwa muda wa wiki sita. Dawa ya siku tano hutuliza homa, kisha hurudi.

Majibu hayo yaandikwe katika barua ya rufaa, maana daktari wa hospitali hawezi kuyakisia. Aidha, damu ya siku ya kwanza mara nyingi haitoshi kuthibitisha homa ya mgunda. Hulinganishwa na damu itolewayo wiki chache baadaye. Kwa hiyo mgonjwa apewe tarehe ya kurudi, hata kama amekwisha kupata nafuu.