NAMNA YA KUNAKILI REJISTA YA WAKULIMA KUTOKA JEDWALI LA ZAMANI KWENDA JIPYA

Somo la leo ni la makatibu wa vikundi na makarani wa AMCOS wanaotunza rejista kwenye kompyuta.

Msimu ukikaribia, wengi huandika upya majina ya mwaka jana, moja moja. Wakulima wakiwa 300, ni rahisi jina kurukwa au namba ya simu kukosewa. Mbolea ikifika, aliyerukwa ndiye anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwenye kanzidata kama SQLite, MySQL au PostgreSQL, amri moja inatosha. Tuseme tuna majedwali mawili, wakulima_2024 na wakulima_2025. Jedwali la zamani lina pia safu inayoitwa hai: 1 ni mwanachama hai, 0 ni aliyejitoa, kuhama au kufariki.

INSERT INTO wakulima_2025 (namba, jina, simu, ekari, mifuko)
SELECT namba, jina, simu, ekari, mifuko
FROM wakulima_2024
WHERE hai = 1;

Mstari wa kwanza unasema data ziende wapi, wa pili na wa tatu zitoke wapi, na wa nne unachuja. Jedwali la zamani linabaki kama lilivyo.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Mpangilio wa safu. Kompyuta haiangalii majina ya safu, inaangalia nafasi. Ukiandika mifuko kabla ya ekari kwenye SELECT, mwenye ekari 2 na mifuko 4 (DAP mifuko 2 ya kupandia, urea mifuko 2 ya kukuzia) atasomeka ana ekari 4 na mifuko 2. Zote ni namba, kwa hiyo hakuna onyo lolote litakalotokea.

2. Simu iwe maandishi. Ukiiweka kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea.

3. Weka ufunguo mkuu kwenye safu ya namba. Ukirudia amri kwa bahati mbaya, kanzidata itaikataa. Bila ufunguo, kila mkulima ataingia mara mbili. Kumbuka njia ya mkato ya CREATE TABLE ... AS SELECT hainakili ufunguo huo.

4. Hakiki kabla ya kuthibitisha. Andika BEGIN, kisha amri yako, halafu linganisha:

SELECT COUNT(*), SUM(ekari), SUM(mifuko) FROM wakulima_2024 WHERE hai = 1;
SELECT COUNT(*), SUM(ekari), SUM(mifuko) FROM wakulima_2025;

Idadi ya watu peke yake haitoshi, maana safu zikibadilishana idadi haibadiliki. Jumla ya ekari na mifuko ndiyo itakayokuonyesha. Zikilingana, andika COMMIT. Zisipolingana, andika ROLLBACK. Na kila kitu kinarudi kama mwanzo.

Mwisho, kompyuta inanakili ya mwaka jana tu. Haijui nani amekodi ekari moja zaidi, wala nani amegawia watoto shamba. Ukishanakili, chapisha orodha, isome kwenye mkutano wa kikundi, kila mtu athibitishe ekari zake ndipo mifuko ihesabiwe.

Kama kuna sehemu haijaeleweka, uliza hapo chini. Kazi njema!