Namba ya Siri ya Udahili ni Yako, si ya Mwenye Steshenari

Tuseme binti yako, mkazi wa Kifaru mkoani Kilimanjaro, amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB na anautaka udaktari. Steshenari ya jirani imemjazia maombi MUHAS, Dar es Salaam, na chuo cha KCMC, Moshi. Kijana aliyemhudumia aliweka namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe aliyoitengeneza papo hapo. Majina yametoka, binti amepata vyuo vyote viwili. Namba ya siri ya kujithibitisha imeingia kwenye simu ya kijana, naye hataitoa mpaka alipwe. Ana haki hiyo?

Hana.

Nani huamua chuo

Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011, maombi ya shahada yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tangu 2017, mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni. TCU inaratibu na kusimamia sifa. Kozi za afya za ngazi ya cheti na stashahada kwa vyuo vya Tanzania Bara ndizo zinazopitia mfumo wa pamoja wa baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, NACTVET.

Aliyedahiliwa zaidi ya chuo kimoja huchagua kimoja na kujithibitisha kwa namba ya siri. Uamuzi huo ni wa mwombaji. Akichelewa, nafasi inaweza kumponyoka.

Namba ikiwa mikononi mwa mwingine

Kwanza, usilipe. Binti aingie kwenye akaunti yake katika mfumo wa chuo kilichomdahili na kuomba kutumiwa namba upya. Akiwa hana nywila, au namba ya simu iliyosajiliwa si yake, awasiliane na ofisi ya udahili ya chuo mara moja, akiwa na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na cha sita. Malalamiko ya udahili huanzia chuoni. Yasipopata jibu, yapelekwe TCU kwa maandishi.

Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa binti haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, kutaka zenye makosa zirekebishwe, na kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tatu, kijana akiingia kwenye akaunti bila idhini na kumthibitishia chuo asichokitaka, hilo ni suala la polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Tunza ujumbe wote wa simu na risiti. Huo ndio ushahidi.

Anayekuahidi nafasi

Udaktari unahitaji ufaulu wa masomo matatu, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa viwango vilivyo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU. Mwenye stashahada ya utabibu ana mwongozo wake. Usome kabla hujalipa ada ya maombi. Hakuna wakala anayeweza kubadili alama. Mtumishi wa chuo akiomba chochote ili "akusaidie," piga simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Kabla ya kuondoka steshenari

Kujaziwa fomu si kosa. Si kila nyumba ina kompyuta. Lakini hakikisha mambo manne: namba ya simu ni ya mwombaji na iko hewani, barua pepe ni yake na nywila anaijua yeye, ada imelipwa kwa kumbukumbu namba iliyotolewa na chuo, si kwa simu ya mtu, na nakala ya fomu iliyotumwa imechapishwa. Kumbuka pia kuwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) ni ombi jingine kabisa. Kupata chuo hakukupi mkopo.

Mzazi, nawe una mpaka wako. Aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima kisheria. Mshauri achague Moshi au Dar, ila kitufe cha kuthibitisha akibonyeze mwenyewe.

Ukikwama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, na uende kabla dirisha la kujithibitisha halijafungwa.