Kuhifadhi Ushahidi wa Kuanguka kwa Seva Kubwa

Katika mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, kiini ndicho kinachotawala prosesa, kumbukumbu na diski. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huisimamisha na kazi nyingine huendelea. Kiini chenyewe kikikosea, kompyuta nzima huanguka. Ikizimwa na kuwashwa upya, yaliyokuwemo katika kumbukumbu hupotea, pamoja na ushahidi wa chanzo cha kosa.

Kiini cha pili

Tangu mwaka 2005, Linux ina utaratibu uitwao kdump. Kompyuta inapowashwa, sehemu ya kumbukumbu hutengwa kwa agizo la crashkernel, na kiini cha pili huwekwa humo. Kiini cha kwanza kikianguka, cha pili hushika zamu bila kuifuta kumbukumbu, kisha huinakili katika diski. Kiini kilichoharibika hakiaminiki kuandika habari zake chenyewe.

Tatizo la ukubwa

Terabaiti 1 ni megabaiti 1,000,000. Diski iandikayo megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji sekunde 10,000, yaani karibu saa 2 na dakika 47. Kwa terabaiti 4 zitapita saa 11, huku watumiaji wakingoja.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu huchujwa. Programu ya makedumpfile hukagua kurasa za kumbukumbu, ambazo kwa kawaida zina baiti 4,096 kila moja. Ikipewa kiwango cha 31, huacha kurasa za sifuri tupu, zisizotumika, za nakala za muda za diski, na za programu za watumiaji. Zilizobaki, hasa za kiini, hubanwa na kuandikwa.

Hata hivyo, uchujaji nao huhitaji nafasi. Orodha yenye biti moja kwa kila ukurasa huchukua megabaiti 32 kwa kila terabaiti. Sehemu iliyotengwa ikiwa finyu mno, kiini cha pili nacho hushindwa, na ushahidi wote hupotea. Hivyo yafaa seva iangushwe kwa makusudi kabla ya kukabidhiwa kazi, ili ihakikishwe kwamba nakala inapatikana.

Mazoezi

1. Seva ina terabaiti 2, na diski huandika megabaiti 200 kwa sekunde. Kunakili kumbukumbu yote kutachukua muda gani?
2. Kwa nini kiini cha pili hutengewa nafasi kabla ya ajali, wala si baada yake?