Somo la Afya: Hofu Kabla ya Kupima VVU

Shabaha ya somo

Somo hili ni la makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Bombo na sehemu nyingine za Upare. Shabaha yake ni kumsaidia mtu anayehofu kuwa huenda ameambukizwa virusi vya UKIMWI (VVU), lakini bado hajapima, avuke siku hizo bila kujidhuru wala kuwadhuru wenziwe. Yafaa lisomwe polepole mbele ya wanachama, na maswali ya mwisho yajadiliwe.

1. Hofu ilikotoka

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanya biashara kutoka Uganda. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuudhibiti, na aliyeambiwa kuwa anao alianza kuhesabu miezi. Waliozika ndugu zao katika miaka ile ndio wazazi na babu wa vijana wa leo, nao wamewarithisha hofu hiyo.

Ilikuwa hofu yenye sababu. Lakini mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya virusi, na tangu hapo sababu hiyo imekuwa ikipungua mwaka hata mwaka. Hofu yenyewe imebaki, mfano wa deni lililokwisha kulipwa ambalo halijafutwa daftarini.

2. Jinsi hofu inavyofanya kazi

Na uchukuliwe mfano wa mwanachama wa kubuniwa. Mtu huyu alikwenda machimboni Mererani kutafuta fedha za ada ya watoto. Huko alilala na mwanamke bila kinga, kisha akarudi nyumbani kwa mkewe. Baada ya wiki chache anaanza kujichunguza. Usiku hapati usingizi, jasho linamtoka, tumbo linamharisha, chakula hakimpendezi, na suruali imelegea kiunoni. Kila aonapo hayo hujiambia kuwa amekwisha kupatikana.

Ukweli ni kwamba hofu peke yake yaweza kuyaleta yote hayo. Moyo wenye wasiwasi hufukuza usingizi, huharisha tumbo na kupunguza uzito wa mwili. Kwa upande wa pili, mtu mwenye VVU aweza kukaa miaka kadhaa akilima na kubeba mizigo bila dalili yoyote. Kwa hiyo dalili hazitoshi kumhukumu mtu wala kumwachilia. Katibu wa chama hakadirii uzito wa gunia la tangawizi kwa macho, hata akiwa ameyapokea maelfu. Huliweka kwenye mizani. Damu nayo ina mizani yake.

Hatari kubwa iko katika matendo yanayofuata. Mtu huyu hunywa pombe ili alale. Hununua vidonge dukani bila kupimwa. Na kwa kuogopa kushukiwa, huendelea kulala na mkewe bila kinga. Hapo hofu ya mtu mmoja huwa hatari kwa wawili, na ikiwa mke ni mjamzito au ananyonyesha, huwa hatari kwa watatu.

3. Mambo ya kufanya wakati wa kungoja

(a) Ahesabu siku. Ikiwa tukio la hatari halijatimiza saa 72, asingoje hata kidogo. Aende kituo cha afya mara moja, kwa kuwa ziko dawa za kuzuia maambukizo ambazo hutumiwa kwa siku 28. Zikianza mapema hufaa zaidi. Baada ya saa 72 hazitolewi.

(b) Aweke tarehe. Kipimo cha kawaida hutafuta kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, nazo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Mtu aweza kupima sasa, kisha akarudia miezi mitatu baada ya tukio. Tarehe hizo mbili aziandike. Hofu yenye tarehe huvumilika kuliko hofu isiyo na mwisho.

(c) Awakinge wengine. Mpaka ajue hali yake, atumie kondomu au ajizuie.

(d) Amwambie mtu mmoja. Achague mtu wa kutunza siri: kaka, mjomba, rafiki wa zamani au mhudumu wa afya. Mzigo uliobebwa na wawili huteremka mlima salama zaidi.

(e) Aache kujikagua. Kugusa tezi za shingo na kuchungulia ulimi kila asubuhi hakuongezi ujuzi wowote. Saa hizo azipeleke shambani, kwenye mfereji au katika msaragambo pamoja na wenzake, na apumzike kwa wakati wake.

(f) Hofu ikimfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mganga wa hospitali siku hiyo hiyo.

4. Siku ya kupima

Wengi huogopa zaidi kwa kutojua yatakayotokea. Kwanza mshauri huzungumza na mtu faraghani na kumwomba ridhaa yake. Kisha kidole hutobolewa, tone la damu huwekwa kwenye kipimo, na majibu hupatikana kwa muda usiofika nusu saa. Kipimo cha kwanza kikionyesha kuwapo kwa virusi, damu hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine kabla mtu hajaambiwa neno la mwisho.

Mtu wa Bombo aweza kuona haya kupima Gonja, mahali ambapo muuguzi huenda ni jirani ya shangazi yake. Muuguzi huyo amefungwa na sheria kutunza siri. Hata hivyo, si kosa kupanda gari hadi Same au Moshi, mradi safari hiyo isiwe kisingizio cha kuahirisha. Aidha, mwaka 2019 sheria ilirekebishwa ikaruhusu watu wazima kujipima wenyewe. Kipimo hicho kikionyesha virusi, lazima majibu yathibitishwe kituoni.

5. Majibu mawili, na njia ya kila moja

Ni vema mtu ayafikirie majibu yote mawili kabla ya kwenda.

Yakiwa ni kwamba hana virusi, atarudia kupima kwa tarehe aliyoiweka, na atajilinda siku za mbele.

Yakiwa ni kwamba anavyo, ataanzishiwa dawa bila kungoja kudhoofika. Huo ndio utaratibu nchini tangu mwaka 2016. Anayetumia dawa kila siku mpaka virusi visionekane katika vipimo vya damu hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Mama mjamzito anayetumia dawa ipasavyo aweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa kati ya kila watu wazima 100 wenye VVU nchini, karibu 83 walikuwa wakijua hali zao. Na katika hao waliojua, takribani wote walikuwa wakitumia dawa. Waliobaki nyuma hasa ni wale ambao hawajapima.

6. Wajibu wa katibu na bodi

Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani Dar es Salaam ili kuwatia wananchi moyo. Wao walichagua kufanya hivyo. Chama hakina mamlaka ya kumchagulia mwanachama. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, kutoa siri ya majibu yake, na kumbagua kwa sababu ya hali yake. Haifai kumwuliza mtu majibu yake kabla ya kumpa mkopo au kupokea mazao yake, wala kusoma majina ya waliopima mkutanoni.

Katibu anayetunza siri za mikopo ya wanachama ameonyesha tayari kuwa anaweza kutunza siri. Mwanachama akimjia na hofu yake, amsikilize mpaka mwisho, asimhukumu, asimhakikishie jambo asilolijua, na amsaidie kupata tarehe na nauli. Akiweza kumsindikiza, hiyo ni huduma ya ushirika kama nyingine zote.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini jasho, kuharisha na kukonda haviwezi kuthibitisha kuwa mtu ana VVU?

2. Mwanachama amekutana na hatari juzi usiku. Afanye nini leo?

3. Ni mambo gani katika chama chetu humfanya mtu aogope kuonekana kituo cha afya, nasi tunaweza kuyaondoaje?

4. Mke wa mwanachama aliyetajwa katika mfano ana haki gani, na ni nani awezaye kumsaidia mumewe azungumze naye?