Badakhshan ya Milimani: Nchi Yake, Watu Wake na Riziki Zao

Katika nchi zikaliwazo na Waislamu ziko zijulikanazo na kila mtu, na ziko ambazo hata jina lake ni geni masikioni. Badakhshan ni katika hizo za pili. Jina hili ni la zamani, nalo limeenea pande mbili za mto Panj: ng'ambo moja ni mkoa wa Afghanistan, na ng'ambo ya pili ni jimbo la Tajikistan, ambalo mji wake mkuu ni Khorog. Somo hili ni la jimbo hilo la Tajikistan. Kulijua kuna faida, kwani ndani yake mna mfano ulio wazi wa watu waliolishwa na mkono wa mwingine, kisha mkono ule ukaondoka.

ARDHI YAKE

Ukubwa wa jimbo ni kadiri ya maili za mraba 25,000, nao ni karibu na nusu ya Tajikistan nzima. Lakini katika kila watu mia wa nchi hiyo, wakaao humo hawazidi watatu. Sababu yake ni milima. Hapa ndipo ilipo milima ya Pamir, iliyoitwa na Waajemi Bam-i-Dunya, yaani Paa la Dunia. Mlima Ismoil Somoni una urefu wa futi 24,590, na theluji haiondoki juu yake majira yoyote.

Upande wa magharibi ni mabonde membamba, na mito yaenda kwa kasi baina ya majabali. Khorog wenyewe uko juu kadiri ya futi 7,000. Upande wa mashariki ni uwanda mkavu ulioinuka sana. Mji wa Murghab uko karibu futi 12,000, na mvua yake kwa mwaka mzima haifiki inchi tano. Mti haumei huko ila kwa taabu.

Ardhi hiyo haikutulia. Mwezi wa Februari mwaka 1911 palitokea tetemeko kubwa, ubavu wa mlima ukaporomoka, ukafukia kijiji cha Usoi pamoja na watu wake, ukaziba mto. Maji yakajikusanya nyuma ya boma lile, yakazamisha kijiji cha Sarez. Ndipo likapatikana ziwa liitwalo kwa jina la kijiji hicho. Boma hilo lililojengwa kwa usiku mmoja lina kimo cha futi zaidi ya 1,800. Wakaao bonde la Bartang, chini yake, wamewekewa vyombo vya kuwaonya, ili likivunjika wapate kukimbilia juu.

WATU WAKE

Wenyeji wa mabonde ya magharibi ni Wapamiri. Lugha zao ni nyingi: Kishughni, Kirushani, Kiwakhi, Kiishkashimi na nyinginezo, na wa bonde moja huenda asimfahamu wa bonde la pili ila kwa Kitajiki, ambacho ni Kiajemi. Uwanda wa Murghab wakaa Wakirghizi, wafugaji, na lugha yao ni katika lugha za Kituruki.

Wote ni Waislamu. Wapamiri walio wengi ni Waismaili, wafuasi wa Aga Khan, kama wale Wahindi wa madhehebu hayo wajulikanao katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Wakirghizi, na watu wa Darvaz na Vanj, ni Masuni. Waismaili wa huko humtaja sana Nasir Khusraw, mshairi na mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 1004, akahiji, akakaa Misri, kisha akaishia Yumgan, katika Badakhshan ya Afghanistan, akafa huko. Nyumba ya Kipamiri husimama juu ya nguzo tano, nao huzinasibisha na Mtume Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husein.

Mto Panj haukuwa mpaka zamani. Warusi na Waingereza ndio waliopatana, mwaka 1873 na mara ya pili mwaka 1895, kuufanya mpaka baina yao. Ndugu wakatengwa na ndugu, na katika zama za Wasovieti mpaka ukafungwa kabisa. Mtu aliweza kuuona moshi wa jiko la mjomba wake ng'ambo, asiweze kumtolea salamu.

RIZIKI ZAO

Ardhi ilimikayo haipati hata sehemu moja katika mia. Watu huchonga mifereji ubavuni mwa majabali, wakayaleta maji ya theluji mashambani, wakapanda ngano, shayiri na viazi. Matunda yao ni mishmishi na forsadi. Forsadi hukaushwa na kusagwa unga, ukawa akiba ya majira ya baridi kali. Wa mashariki hufuga kondoo, mbuzi na yak, ng'ombe wa manyoya marefu. Vito navyo vyapatikana, hasa kile chekundu kiitwacho la'l, ambacho kimelitangaza jina la Badakhshan tangu karne nyingi.

Wasovieti, waliolifanya jimbo mwaka 1925, walijenga njia ya magari kutoka Osh hata Khorog, wakafungua mashule, na watu wakajua kusoma na kuandika. Lakini elimu ya dini ilibanwa, na unga, makaa na mafuta vilikuwa vikiletwa kutoka mbali. Mwaka 1991 dola ile ikavunjika, na mwaka 1992 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia Tajikistan, visiishe mpaka 1997. Njia zikafungwa, wakimbizi wakamiminika milimani, na njaa ikabisha hodi.

Tangu mwaka 1993 jumuiya za Aga Khan zikaleta chakula. Baadaye mashamba ya serikali yakagawiwa jamaa za watu, zikatolewa mbegu na mbolea, na mavuno ya ngano na viazi yakaongezeka sana. Huko Murghab mambo yalikuwa mazito zaidi: makaa yalipokatika, watu waling'oa teresken, kijiti kidogo cha jangwani, wakakiwasha motoni. Na kijiti hicho ndicho chakula cha wanyama. Basi kila aliyeota moto leo alipunguza malisho ya kesho.

Mwaka 2002 lilifunguliwa daraja la Tem, karibu na Khorog, na jamaa waliotengana wakaonana. Lakini amani haikukamilika: mwaka 2012, kisha 2021 na 2022, yalitokea mapambano baina ya serikali na watu wa jimbo, na roho zikapotea. Vijana wengi huenda Urusi kutafuta kazi, na fedha waletazo ndizo zishikazo nyumba nyingi.

MAFUNDISHO

Msomaji na azingatie mambo matatu. La kwanza, msaada si aibu, lakini uletao mbegu na jembe wapita uletao unga peke yake. La pili, aing'oaye ardhi yake kwa dhiki ya siku moja huilipa dhiki hiyo miaka mingi. La tatu, mpaka huchorwa na wageni kwa siku chache, na wenyeji hukaa nao vizazi na vizazi. Watu wa Badakhshan waliyajua haya kwa njaa na baridi. Na mwenye akili ni yule ajifunzaye kabla hayajamfika.